Njia Niliyoichimba Wima

Mjukuu wangu Prisca,

Marahaba. Bibi yako kikohozi kimemwacha, anakusalimu. Naandika mwenyewe, sijamwomba mtu.

Unauliza kama ile ruzuku ya serikali mnayoiomba, ya njia ya watalii kwenda maporomokoni, ijenge ile njia yangu ya zamani, kwa kuwa ni fupi. Kataa.

Niliichimba ujanani peke yangu, wima mpaka juu. Mlima huu hakuna aliyeniweza kwa jembe. Mama akaitazama akasema, "Mwanangu, maji yataipenda kuliko watu." Nikacheka.

Masika yakaigeuza korongo. Dada yangu akashikwa na uchungu, tukambeba kwa machela, tukalazimika kuzungukia mbali. Yeye tulimfikisha hospitali ya misheni. Mtoto hatukumwahi.

Hii inayozunguka mlima, wanayopita watu sasa, niliichimba baada ya hapo. Ijengeni hiyo. Na kwenye andiko lenu liwemo fungu la kuzibua mifereji kila mwaka, msione aibu kuliomba. Mimi nimeizibua kila masika, sijamwachia mtu.

Mwaka huu magoti yamekataa. Usimwambie yeyote, wewe andika tu.

Ni mimi babu yako.