Matundu ya Hewa Uliyoyaziba kwa Simu

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Kiwanda cha Matofali,
14 Februari.

Mpendwa mpwa wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, mkeo na mapacha, na kwamba huko kwenu theluji imepungua. Sisi tu wazima, isipokuwa mama yako, na habari zake ndizo zilizonikalisha kuandika. Simu zangu hupokei tangu tulipobishana juu ya fundi wako, basi binti yangu ataipiga picha barua hii akutumie leo.

Fundi uliyemtafuta mtandaoni aje kuzuia joto nyumbani kwa mama yako alifika. Mtaani tumeshambandika jina: Ndiyo Bosi, kwa kuwa hukaa juu ya ngazi, simu sikioni, akiitikia hivyo kutwa nzima. Sitamsingizia. Zile blanketi za nyuzi za kioo alizitandaza vizuri juu ya dari, na mchana bati halituchomi tena utosini. Angeishia hapo ningekuandikia kukushukuru.

Lakini wewe ulimwambia azibe kila tundu. Akaziba. Matundu ya hewa juu ya madirisha, nafasi iliyoachwa chini ya paa, hata lile dirisha dogo la wavu jikoni, yote akayajaza povu la kopo, lile linaloganda likawa gumu.

Ngoja nikueleze taratibu, maana shule umesoma lakini naona hili lilikupita. Huko unakoishi nyumba huzibwa ili joto lisitoke. Huku joto ndilo tunalolifukuza, na hupitia matundu hayohayo. Tena wewe unapikia umeme. Mama yako anapikia mkaa, ndani, kama alivyokupikia wewe. Mkaa unaowaka hutoa hewa yenye sumu, isiyo na harufu wala rangi. Miaka yote hewa hiyo ilitoka nje kupitia pale kwenye wavu.

Nilimwuliza fundi kwa nini anaziba jikoni.

"Bosi kasema kila tundu, mzee."

"Mwenye nyumba si huyu hapa anayekuchemshia chai?"

"Mama ni mama, mzee wangu. Bosi ni bosi."

Jumanne iliyofuata mvua ilinyesha, mama yako akafunga mlango na kuinjika maharage. Nilipopita kumletea dawa zake za presha nilimkuta ameegemea gunia la mkaa, macho yamelegea, ananiita kwa jina la marehemu baba yetu. Nilimburuta hadi barazani, mimi na magoti yangu haya. Daktari alisema ningechelewa kidogo tu, tungekuwa tunazungumza mengine. Sasa anatembea, ila kichwa bado kinamuuma, na akiingia chumbani husahau alichokifuata.

Nilichukua nyundo na tindo nikabomoa povu lote la jikoni. Ndiyo Bosi akanishtaki kwako, nawe ukamwamuru arudi Jumamosi kuziba upya. "Yule mzee mkorofi, achana naye." Maneno yako hayo, simu ilikuwa kwenye spika, tulikusikia sote. Mama yako alisimama palepale na hakukuambia kilichompata. Baadaye alinisihi, "Usimwandikie, kaka. Ataumia bure." Nikamjibu, na aumie.

Ningeweza kukaa mlangoni na nyundo yangu siku hiyo. Haitasaidia. Mama yako atamfungulia, kwa sababu ni wewe uliyemtuma, naye hajapata kukukatalia kitu tangu akuzae. Ukimwambia akae ndani ya tanuri, atauliza mlango aufunge yeye au fundi.

Kwa hiyo usianze na fundi. Mpigie mama yako. Mwambie kwamba nyumba ni yake, na kwamba ana ruhusa ya kumfukuza mtu uliyemleta wewe. Mimi nimemwambia, akaniambia nimwache mtoto wake ajenge.

Mke wangu anakusalimu. Mdogo wako wa kike hakusalimu, kwa sasa. Nisalimie mkeo na mapacha. Wao sina ugomvi nao. Mungu akulinde huko uliko, na akupe aibu kidogo kabla ya Jumamosi.

Ni mimi mjomba wako, ninayekupenda bado pamoja na hasira zangu zote.