Kilo za Matheka

Jericho, Nairobi
14 Juni 2025

Mpendwa Dada Mutheu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Joto la huko Doha unalivumiliaje, na mgongo umepoa? Mama hajambo. Mimi nimechoka, dada, hata kulalamika naona kazi.

Kabla ya lolote: mwanao Matheka amepona. Wiki jana alishikwa na nimonia tukamlaza hospitalini, lakini sasa yuko hapa, anakula uji na kutupa kijiko. Usishtuke, soma polepole.

Kibarua changu unakijua: kuwauliza madaktari na wauguzi wanataka nini kwenye kompyuta itakayowaongoza kutibu wagonjwa. Daktari Shiundu, mkuu wa wodi ya watoto, alitaka kukaa katika kila mkutano. Nikiuliza, wauguzi wanamtazama yeye kwanza, halafu, "Iko sawa, madam." Kila kitu kilikuwa sawa! Nani atampinga mkubwa mbele ya mgeni? Hata sisi hatukulelewa hivyo.

Basi Matheka akalazwa wodi hiyo hiyo tukiwa tunaijaribu kompyuta. Ikadai uzito wake ndipo itoe kipimo cha dawa. Sista Benta akamnyanyua, akamtikisa kidogo, akaandika kilo kumi. Nikauliza mizani iko wapi.

"Ai, madam, ilikufa kitambo," akasema. "Sasa hiyo ningesema aje na daktari amekaa hapo?"

Nikamsihi asubiri, nikambeba mtoto hadi kliniki ya chanjo, kwenye mizani nzima. Hata kilo nane hakufika. Tulipoandika uzito wa kweli, kompyuta ikapunguza dawa palepale.

Nimeanza kuwauliza wauguzi upya, mmoja mmoja, wakinywa chai, mkubwa hayupo. Sasa wanasema, na mengi hayapendezi. Daktari Shiundu anataka niandike kwamba wote waliridhika, la sivyo atatafutwa mwingine. Mimi nimeandika hitaji la kwanza: mizani. Jumatatu naipeleka ripoti. Naogopa, lakini kibarua kikiota nyasi, na kiote.

Mama anakusalimu sana, na Kaka Munyao pia. Mungu akufunike huko ugenini, akurudishe salama.

Matheka amelala mgongoni mwangu ninapoandika haya. Nakwambia, kwa mabega yangu yalivyochoka, hata mimi ningeapa ana kilo kumi.

Mdogo wako anayekupenda,
Ndindi