Sikumpigia Hakimu Simu

Eldoret,
Jumapili jioni

Dada Nabalayo,

Nakusalimu kwa upendo, nikitumaini goti limepunguza maumivu na kwamba baridi ya asubuhi haikuzuii kwenda shambani. Mimi ni mzima wa mwili. Barua hii nimempa Christabel, mwalimu wa kwaya, akuletee mkononi huko Chwele, kwa sababu simu zangu huzipokei. Sikulaumu.

Huku mvua imenyesha vizuri na mahindi yamefika kifuani. Nyumba imenyamaza. Napika ugali wa mtu mmoja, na bado unabaki.

Unakumbuka nilipokuwa wakili, pale juu ya duka la mbegu? Watu wa mtaa wa Huruma walipanga foleni mpaka kwenye ngazi, huyu na kesi ya shamba, yule amenyimwa mshahara, na wengine walinilipa kwa kuku. Nilipochaguliwa kuwa mbunge ndiyo ikawa balaa: jua halijachomoza na uani kumejaa watu wa karo, wa matanga, wa kutafuta kazi. Wewe ndiye uliyewapikia chai na kunitetea kwa walioondoka mikono mitupu. Kisha nikaapishwa kuwa jaji. Nilidhani heshima ingezidi, kumbe nilikuwa naingia upwekeni. Jaji haonekani hotelini na mawakili, haendi harambee, na mtu akibisha hodi, lazima ajiulize huyu anatafuta nini. Otiende, tuliyekula naye sahani moja tukiwa mawakili, siku hizi huniinamia kichwa kortini, ananiita Mheshimiwa, kisha anakwenda zake. Hayo nimeyazoea. Kukukosa wewe sijazoea.

Mwaka jana, Collins aliposhtakiwa kwa kumgonga kwa gari yule kijana wa boda boda, Kipkirui, hadi akafa, ulikuja hapa ukaniambia, "Sifuna, mwanangu ameniambia breki zilikatika. Mpigie hakimu simu. Wewe ni mkubwa wake kazini." Nikakataa. Collins alipofika kortini akakubali kosa, akafungwa, ulisema mbele ya ukoo mzima kwamba mimi ndiye niliyemlazimisha akubali ili nilinde kiti changu. Wote wakakuamini, na Krismasi hakuna aliyenialika.

Dada, keti chini kabla ya kuendelea kusoma.

Siku moja kabla ya kesi, mwanao alikuja kwangu peke yake. Hata maji alikataa. Akasema, "Anko, breki hazikuwa na shida. Nilikuwa nimelewa. Kesho nitakubali, lakini Mama asijue. Akijua, hataniangalia tena." Nikamwambia kwamba hakimu nisingempigia kwa vyovyote, ila siri yake na mama yake haikuwa yangu kuitoa. Nimeishika hadi leo. Kila ukienda kumwona gerezani na kunilaani, yeye hunisimulia baadaye huku akilia. Maana mimi pia huenda, Dada. Hilo hukulijua. Leo ameniambia amechoka kukusikia ukinitukana kwa kosa lake. Amejaribu mara nyingi kukuambia mwenyewe akashindwa, ndipo akaniomba nikuandikie.

Najua itakuuma kuliko hasira uliyokuwa nayo juu yangu. Ningeweza kuendelea kuibeba hiyo hasira. Nilishaanza kuona ni sehemu ya kazi. Lakini Collins anataka uujue ukweli wake, kisha uendelee kumwita mwanao. Usimgombeze siku ya kwanza. Mwache aseme.

Ana ombi moja pia. Mama yake Kipkirui anaitwa Jeruto, anaishi Munyaka, hapa Eldoret. Collins anataka umfikishie pole yake, mama kwa mama, kwa vile yeye hawezi kutoka. Sijui kama mama huyo atatupokea, na akitufukuza atakuwa na haki. Usiende peke yako. Chagua siku, nami nitakungoja stejini unaposhukia matatu, twende pamoja kwa miguu hadi kwake. Sitakwenda kama jaji. Nitakwenda kama anko wa Collins.

Msalimie shemeji, na majirani ambao bado wanapokea salamu zangu. Mungu akupe nguvu ya kuyapokea haya.

Ni mimi mdogo wako,
Sifuna