Mwamba Wetu Upakwe Mafuta

Misheni, Dodoma

Kwa kaka yangu Yohana,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute na nguvu, na mama awe amepona kifua. Mtama umeota? Mimi ni mzima, ila moyo hautulii, ndiyo maana barua hii sikuipitisha kwa mwalimu. Anayekuletea ni Omari, Mrangi, mpagazi wa Bwana Profesa.

Bwana huyu ametoka Ujerumani kutafuta miamba yenye picha za kale. Mwalimu amemwambia kwetu Haneti upo mmoja, na kwamba mimi naweza kuwa mkalimani. Nikifanya vizuri, huenda nikapewa watoto wadogo niwafundishe. Nalitamani sana jambo hilo, kaka.

Lakini nimeona sanduku lake. Ndani, juu ya majani makavu, amelazwa twiga aliyechorwa kwa rangi nyekundu, amekatwa pamoja na jiwe lake. Hana kichwa. Omari anasema patasi iliteleza, kichwa kimebaki Kondoa. Atawekwa katika jumba la vitu vya kale huko Ulaya, na kibao cha kueleza ni nani waliomchora.

Nilimuuliza Bwana ni nani. Akasema ni taifa lililotoka kaskazini zamani, si babu zetu, maana babu zetu walijua kuchunga tu. Nikauliza taifa hilo liko wapi sasa.

"Limekwisha," akasema.

Omari alikuwa akifunga nyumbu wa mizigo. Alipoondoka Bwana, akaniambia, "Binti, waliokwisha ndio anaowapenda. Hawaji kudai."

Tangu hapo kila neno la Bwana nalipima mara mbili.

Omari anasema pia kwamba miamba iliyo myeusi kwa mafuta ya matambiko Bwana huipita. Husema ni masizi ya wapishi.

Tutafika huko nyumbani mwezi ukiandama. Mwambie baba mvua imechelewa, wazee wapeleke mafuta mwambani penye picha mapema, nao wasiyapime. Najua nilivyofundishwa kuhusu matambiko, na bado naomba hivyo.

Mimi siwezi kusema uongo. Bwana akiuliza chini ya weusi kuna nini, nitamwambia awaulize wazee. Watakalojibu nitalitafsiri neno kwa neno.

Msalimie mama, na bibi anayenidai ushanga, na shemeji na mtoto wake ambaye sijamwona. Nitamwona, nikifika na wageni.

Ni mimi mdogo wako, ninayewakumbuka kila jioni,
Estha