Mapeasi ya Mama Zaina

Dada Rehema,

Shikamoo, na poleni na joto la Dar. Huku Lushoto ukungu unaingia hadi jikoni. Nakuandikia nimevaa sweta mbili.

Leo asubuhi mwenyeji wangu, Mama Zaina, alinipeleka shambani kwake. Akaanza kuchuma mapeasi machanga, madogo kama kidole gumba, anayatupa chini. Mimi nyuma yake nayaokota kwa huruma. Akacheka.

“Unaokota nini, mwanangu? Nikiuachia mti yote haya, hakuna hata moja litakalonenepa.”

“Sasa unajuaje la kubakiza?”

“Lile lililoshika tawi barabara.”

Dada, unanijua. Kila harusi ikitangazwa, katibu wa kamati ni mimi, hata bwana harusi simjui. Cherehani yangu imefunikwa kitambaa mpaka kitambaa kimepauka. Basi nilikaa palepale kwenye tuta, nikapiga simu, nikajitoa kwenye kamati nne. Aisee, nimepumua!

Nimebakiza harusi moja tu, ya binti yako Neema, na hata huko ukatibu mpeni mwingine. Nikirudi Jumamosi, mwambie aje nimpime. Gauni lake nalishona mimi.

Mdogo wako akupendaye,
Asha