Ruhusa ya Maitu

Ruiru,
Jumapili, 18 Agosti 1996.

Kwa ndugu yangu Gachau,

Pokea salamu zangu na za Mama. Habari za Eldoret na baridi yake? Tabby na watoto wanaendeleaje? Sisi huku tupo, ila tumechoka. Usishangae mwandiko umekaa vibaya. Naandika nikiwa kitandani kando ya Mama, naye amelala.

Uliuliza kama ile mashine ya kusafisha damu inamsaidia. Miguu haivimbi kama zamani, ni kweli. Lakini kila Jumanne na Ijumaa tukitoka Nairobi hana nguvu hata ya kujifunga leso. Tukifika nyumbani anatapika, na mashuka nafua mimi, na kazini wameanza kuninunia. Wewe unaandika tu kwamba tusikate tamaa. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa Eldoret, unisamehe.

Hata kichwa chake kimebadilika. Anatia sukari kwenye githeri ya mahindi na maharagwe. Anaingia kwa jirani akidhani ni kwetu Makongeni, kule Thika. Nilisema ni uzee. Kilichotupoteza ni lile jina. Wajua tangu utotoni ananiita Maitu, yaani mama yangu, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake, bibi yetu cucu Ngendo. Basi alipokuwa akitolewa kwenye mashine na kuniita Maitu, akiniomba nisimchape kwa kuvunja kibuyu, mimi na manesi tulidhani ni utani wake wa siku zote. Ngai! Tulicheka.

Mwezi uliopita Daktari Aoko aliniuliza kama Mama ananitambua. Nikamwambia vizuri sana, ananiita Maitu kama kawaida. Yeye hakucheka. Akamuuliza Mama mimi ni nani, naye akajibu kwa upole kwamba mimi ni mama yake, nimetoka mtoni, na kwamba mbuzi bado hawajafungwa.

Daktari alinieleza kwamba mashine ikivuta maji mwilini, presha inashuka na damu inayofika kwenye ubongo inakuwa kidogo. Nilimwelewa kwa sababu ya bomba la ploti yetu: wapangaji wa chini wakifungua maji, sisi wa juu tunapata hewa tu. Alisema wanaweza kuyavuta maji ya mwilini polepole, na wamefanya hivyo, lakini kilichoharibika huenda kisirudi chote.

Sasa nikwambie lililonifanya nishike kalamu. Ijumaa, akiwa bado kwenye mirija, Mama alinishika mkono akaniomba, kama mtoto, nimruhusu asirudi tena kwenye mashine. Alisema amechoka, anataka kwenda Thika alale kwake. Nami, Gachau, sikumwambia kwamba mimi ni bintiye. Nilimjibu kama cucu. Nilimwambia haya mwanangu, nimekuruhusu. Mpaka sasa sijui kama nilimjibu hivyo kwa ajili yake au kwa ajili ya huu uchovu wangu. Tangu siku hiyo nalia tu.

Leo asubuhi ameamka akili imetulia, akaniuliza mbona macho yangu ni mekundu. Nikamweleza yote, nikamwomba msamaha, nikamwambia Jumanne tutarudi Nairobi kama kawaida. Akakataa katakata. Akasema Ijumaa alijua vizuri kwamba ni mimi, Ngendo wake, lakini neno kama lile mtu hamwombi mtoto wake, humwomba mama yake. Kisha akadai chai.

Kama ni kweli, au alitaka tu kunifariji, sijui. Kesho nitamwarifu Daktari Aoko, na Jumanne nitampeleka Mama Thika. Basi njoo. Usijibu barua hii, panda gari uje. Ukiona tumekosea, sema mbele yake akiwa macho. Lakini ukikubali naye, nipokee kazi hii hata kwa siku chache, umbebe, umfulie, umkande miguu. Nimekuwa mama yake muda mrefu, ndugu yangu. Nataka niwe mtoto wake kidogo kabla hajaenda.

Msalimie sana Tabby, na watoto uwabusu kwa niaba ya cucu yao. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi dadako,
Ngendo.