Kompyuta Imeniita Mbega

Shikamoo Bibi,

Huku Meru baridi inauma, sweta jeusi na jeupe ulilonifumia silivui hata nikila. Leo tulipitia picha za kamera tulizotega msituni kuhesabu wanyama. Kompyuta hutumia akili mnemba kutaja kila mnyama yenyewe. Kwenye picha moja nimechuchumaa nikimenya ndizi, nayo ikaandika: “Mbega.” Wenzangu walicheka mpaka machozi.

Picha iliyofuata ilipigwa muda mfupi baada ya mimi kuondoka. Palepale nilipochuchumaa alisimama mnyama mwenye madoa, akinusa majani. Kompyuta ikaandika: “Chui.”

“Hapa imepatia,” alisema Neema, kiongozi wetu, na hakuna aliyecheka. Kuanzia sasa tunaingia msituni wawili wawili, tukiimba kwa sauti.

Mama usimwambie habari za chui. Mwambie nimenenepa, na kwamba nawakumbuka mno.

Mjukuu wako,
Rehema